Mkwe wa Rasi ya Kahungo

Donatus Masele amekaa Kahungo miaka kumi, na watu wa huko bado wanamwita Mkwe. Hawamtukani. Alioa kwao, jina likamkaa. Ila mtu akiitwa hivyo kwa muda wote huo hufika mahali akaelewa kwamba hapo alipo ni mgeni, na kwamba hata akizikwa hapo ataendelea kuwa mgeni.

Kahungo ni rasi ya mawe na vichaka inayoingia Ziwa Viktoria, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki kutoka Nkome. Upande wa kusini kuna mwalo mdogo, mitumbwi michache na vichanja vya kuanikia dagaa. Upande wa kaskazini kuna ghuba iliyozungukwa na matete, ambamo sato huingia kuzaliana. Katikati, juu kidogo, kuna mawe makubwa na msitu mdogo ambao shoka halijaugusa. Humo ndani Warongo, wafua chuma wa zamani wa Uzinza, walikuwa na matanuru yao. Majembe yaliyotoka pale, wanasema, yalivushwa ziwa na kuuzwa mpaka visiwani.

Donatus hakuzaliwa karibu na maji. Ni Msukuma wa Songwa, Kishapu, kwenye ardhi kavu ya mbuga na ng'ombe. Miaka ishirini na saba alifanya kazi mgodini, kwenye sehemu ya kuoshea mawe ya almasi, na hata usingizini aliweza kukuambia jiwe hili zito kwa sababu gani na lile jepesi kwa sababu gani. Mkewe, Hosiana, alikuwa Mzinza, muuguzi wa zahanati. Walikutana huko huko Kishapu, wakazaa mtoto mmoja, Juliana. Donatus alipostaafu, Hosiana alimwambia, "Nimekaa kwenu miaka thelathini. Sasa na wewe uje ukae kwetu."

Akaja. Mwaka wa kwanza alilichukia ziwa. Hajui kuogelea, na sauti ya maji ilimnyima usingizi. Hosiana alimzungusha ufukweni kila asubuhi kama anavyozungushwa mgonjwa anayejifunza kutembea upya, akimtajia majina: yule ni mnandi, anakausha mabawa, yule ni kwarara, hizo nyayo ni za fisi maji, amepita kabla ya jua. Donatus alisikiliza, akasahau, akatajiwa tena. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anatangulia mbele.

Siku moja Hosiana alimpandisha mpaka kwenye msitu wa mawe. Njia ilipita katikati ya mawe mawili marefu yaliyosimama kama miimo ya mlango. Hapo akamshika mkono.

"Mwisho wako hapa," alisema. "Mkwe haingii."

"Na wewe?"

"Mimi niliingia mara moja tu, nikiwa mtoto, baba yangu yuko mbele. Kaa hapa nikuhadithie."

Wakakaa chini nje ya yale mawe, akamweleza kilichomo ndani: tanuru la udongo linalofika kifuani, mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, na lundo la mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki chuma kikishatoka. Donatus aliuliza maswali mengi ya mtu wa mgodini, na mengi kati ya hayo Hosiana hakuwa na majibu yake.

Mwaka 2016 kilianzishwa kikundi cha kuilinda rasi. Walikuwa kumi na mmoja, wote wa kujitolea. Mwenyekiti alikuwa Bartholomeo, kaka yake Hosiana, mkubwa wa ukoo. Hosiana alikuwa katibu. Walitoa nyavu zilizotelekezwa majini, wakapanda matete pale yalipofyekwa, wakafunga madumu ya njano kuonyesha mpaka wa mazalia ya samaki. Waliwazuia waliotaka kuchoma mkaa msituni. Jumamosi walipika pamoja ufukweni. Donatus hakuwa na cheo, alikuwa anabeba mizigo. Anasema ile ndiyo ilikuwa miaka yake mizuri kuliko yote.

Hosiana alifariki mwaka 2019. Kiharusi kilimkuta anafua, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshakata roho. Akazikwa nyuma ya nyumba.

Kikundi hakikuvunjika siku hiyo. Kilikwisha polepole, kama kijiji kinavyohama. Mmoja alikwenda kumfuata mtoto wake Kahama. Wawili walifariki. Wengine walisema wamechoka kuzozana na majirani. Mmoja alirudi kwenye kokoro, ule wavu wa kuburuta unaosomba mpaka vifaranga vya samaki, na akaacha kumwamkia Donatus. Bartholomeo alibaki mwenyekiti kwa jina, lakini hakuonekana tena ufukweni. Ilipofika mwaka 2022, aliyekuwa akitembea kila asubuhi kutoka mwaloni mpaka ncha ya rasi na kurudi ni Donatus peke yake. Alibeba daftari la mkewe, akaendelea pale mwandiko wake ulipoishia: viota vya mnandi vingapi, nyavu ngapi, matete yamefyekwa wapi.

Juliana alimpigia simu kila Jumapili kutoka Nyasubi, Kahama, alikokuwa na duka la vitambaa.

"Baba, chumba chako kipo. Unangoja nini huko?"

"Mama yako aliniachia kazi."

"Alikuachia kwa mdomo gani, baba? Alikufa ghafla."

Donatus alitazama maji, akauliza habari za wajukuu.

Kuna siku alikuta kokoro limetandazwa ndani kabisa ya ghuba, nyuma ya madumu. Wanaume sita walikuwa wanalivuta kuelekea nchi kavu. Akasimama kwenye matope, suruali imekunjwa magotini, akawaambia hapo ni mazalia. Hawakumgombeza. Hilo ndilo lilimuuma. Mmoja wao, mtu mzima tu, alimjibu kwa upole kabisa, "Mkwe, hawa samaki ni wa kwenu Songwa?" Wenzake wakacheka, wakaendelea kuvuta. Alibaki palepale mpaka walipomaliza. Walipoondoka aliokota vifaranga waliobaki mchangani, wale ambao bado walikuwa wanarukaruka, akawarudisha majini kwa viganja. Alirudi nyumbani, akapika ugali wa mtu mmoja, na jioni ile hakuongea na mtu yeyote. Kesho yake pia hakuongea na mtu.

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali. Mvua iling'oa mti mkubwa pembeni mwa msitu wa mawe, na shimo lililoachwa na mizizi likafunua mabonge meusi, mazito, yenye sehemu zinazong'aa kama kioo. Mchungaji wa mbuzi aliokota moja, akalipeleka mwaloni. Mwaloni kulikuwa na mtu aliyewahi kuchimba dhahabu Nyarugusu. Habari ikatoka hapo ikaenda Nkome, na kutoka Nkome haikuwa habari tena, ilikuwa rashi. Katika nchi ya Geita neno hilo halihitaji maelezo: mtu akisema kuna rashi mahali fulani, watu wanaacha chakula mezani.

Siku ya nne walikuwa wamefika zaidi ya themanini. Waliteremka kwenye pikipiki na mitumbwi wakiwa na sululu, makarai, majembe na maturubai ya bluu. Wakagawana ardhi kwa hatua za miguu, kila kundi na duara lake, na kabla ya saa sita mchana mashimo yalishaanza. Spika kubwa ilifungwa juu ya mti. Kiongozi wao aliitwa Sostenes, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyevaa buti za mpira wakati wote hata kwenye mwamba mkavu.

Donatus alikwenda kwa mtendaji. Akaambiwa mwenye eneo ameshakubali. Kama kuna malalamiko, yaandikwe, yataangaliwa.

"Mwenye eneo nani?"

"Si shemeji yako?"

Alimkuta Bartholomeo kibarazani, anapukuchua mahindi. Waliamkiana kama inavyopasa, wakaulizana hali.

"Shemeji," Donatus alianza, "pale ni kwa babu zenu."

"Najua ni kwa babu zangu."

"Wanachimba mpaka karibu na mawe mawili."

"Nimewaambia wasipite pale mpaka niwape jibu." Bartholomeo hakuinua macho. "Wameahidi ukoo mgawo wa mawe. Nina wajukuu wanne wamemaliza shule, wamekaa tu. Babu zangu walichimba, wakafua, wakala. Na wewe umeishi kwa mawe maisha yako yote. Leo unaniambia nisiguse?"

"Hosiana asingekubali."

Hapo Bartholomeo akamtazama. "Hosiana alikuwa dada yangu. Wewe ni mkwe. Ukoo wetu ukitaka ushauri wako, utakuita."

Donatus aliaga. Njiani akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alisema baadaye kwamba siku ya msiba hakujisikia peke yake kama alivyojisikia pale. Siku ya msiba angalau watu walikuwa wamekaa naye.

Hakujua la kufanya, akafanya alilolizoea. Kesho yake alitembea kama kawaida, ila safari hii njia yake ilipita katikati ya kambi. Wachimbaji walimwita "mzee wa daftari." Pembeni ya mashimo kulikuwa na mama lishe, Mwasiti, mwanamke wa Kahama aliyekuwa akifuata rashi tangu mumewe alipomwacha. Alimwona anapita mara ya pili bila kuketi.

"Shikamoo baba. Umekunywa chai?"

"Marahaba. Bado."

"Kaa basi. Huonekani kama mtu aliyekunywa chai."

Akakaa. Akapewa chai na chapati, na Mwasiti akamweleza habari za kila mtu aliyekuwa pale kana kwamba wamefahamiana siku nyingi: yule amekimbia kesi, yule ana mapacha wanne kwa mama wawili, yule hajawahi kupata hata chembe ila hakosi rashi. Siku ya pili Donatus alipita tena. Siku ya tatu alikuta kikombe chake kimeshawekwa. Kuna kijana wa Kisukuma aliyemsalimia "mwangaluka," na Donatus akajikuta anaongea lugha ya nyumbani nusu saa nzima, mpaka koo likamkauka. Alipoinuka kuondoka aliona aibu. Alikuwa ameketi na watu waliokuja kubomoa, na alikuwa amefurahi.

Siku hiyo ya tatu ndipo aliposhika jiwe lenyewe. Aliliokota kandokando ya duara la Sostenes, akalipima mkononi, akalitemea mate, akaligeuza juani. Lilikuwa na vijishimo vidogo kama mkate ulioumuka. Akamwendea Sostenes.

"Hili mmeshaliosha?"

"Tunasubiri karasha ya kusagia mawe. Inakuja kesho kutwa kwa mtumbwi."

"Msilete karasha. Hili si jiwe, ni mavi ya chuma. Limepita motoni. Angalia vitobo hivi, ni mapovu. Jiwe la ardhini halina mapovu."

Sostenes alikohoa, akalichukua, akaligeuza. "Wewe ni nani?"

"Nimeosha mawe miaka ishirini na saba."

"Ndiyo, lakini pia wewe ndiye mzee ambaye hataki tuchimbe. Nikuaminije?"

"Usiniamini. Twanga, uoshe, watu wote waone. Tumia karai tu, bila zebaki. Na maji yachotwe kwa ndoo, msiende kuoshea ghubani."

Sostenes alikuwa na mashaka yake tayari, maana aliita watu mara moja. Spika ikazimwa. Kundi zima likazunguka kinu cha chuma. Bonge la kwanza likatwangwa mpaka likawa unga, Donatus akapiga magoti, akaanza kuzungusha karai. Mikono ilikuwa imezeeka lakini haikuwa imesahau. Maji yaliondoa vumbi, yakaondoa mchanga mwepesi, yakabakiza unga mweusi chini. Akalilaza karai ili kila mtu aone. Hakukuwa na mkia wa njano. Wakaleta bonge la pili kutoka duara la mbali. Likawa vilevile.

Watu wakaanza kunung'unika. Sauti moja ikatoka nyuma: "Mali iko ndani kwenye mawe mawili! Ndiyo maana anatuzuia!" Wengine wakadakia. Wawili wakashika sululu.

Sostenes akainua mkono. "Mzee, wamesema kweli au uongo?"

"Ndani ni vilevile."

"Umeingia ukaona?"

"Hapana."

"Basi nenda ulete bonge la huko, tuoshe, tumalize. Tukienda sisi hatutatoka na bonge moja."

Donatus alijua kwamba ni kweli. Alipanda peke yake, na lile kundi likabaki chini likimtazama. Alipofika kwenye mawe mawili, alisimama. Miaka yote hiyo alikuwa amefika hapo kila asubuhi na kugeuka. Alivua viatu. Hakujua kama ndivyo inavyofanyika, ila aliona si vizuri kuingia navyo. Akamwomba Hosiana msamaha kwa Kisukuma, lugha ambayo Hosiana alikuwa anaiongea kwa makosa mengi na kicheko. Akaingia.

Palikuwa padogo. Hicho ndicho kilichompiga moyo. Alikuwa amejenga kichwani mahali pakubwa, na alichokiona ni uwanja usiozidi chumba, wenye majani makavu na ukimya. Katikati kulikuwa na duara la udongo uliochomwa hadi ukawa mwekundu. Mirija ya udongo ilikuwa imelala huku na huku, midomo yake imeyeyuka kwa moto na kuwa kama kioo cha kijani. Pembeni kulikuwa na chungu kidogo kilichofunikwa. Na tanuru, lile linalofika kifuani, halikumpita mapaja.

Alisimama kando ya lile tanuru akashangaa, kisha akaelewa. Hosiana hakuwa amekosea. Lilimfika kifuani. Alikuwa na miaka mitano, au sita.

Donatus hajui alikaa humo muda gani. Alilia, hilo anakubali, na alikuwa hajalia tangu mazishi. Kisha akaokota bonge moja dogo pembeni kabisa mwa lundo, akatoka kinyumenyume.

Bonge likatwangwa, likaoshwa. Sostenes mwenyewe ndiye aliyezungusha karai safari hii. Alipomaliza alipitisha kidole kwenye ule unga mweusi, akakifuta kwenye suruali.

"Jamani," alisema, "hapa hakuna mali."

Wapo waliobisha. Wapo waliochimba mpaka jioni kwa hasira tu. Mirija miwili iliyokuwa imefukuliwa kwenye duara la nje ilivunjwavunjwa kwa sululu, bila sababu yoyote. Lakini mtumbwi uliokuwa ulete karasha ulipigiwa simu ugeuze, na rashi ikishapoteza karasha inakufa. Kesho yake nusu walikuwa wameondoka. Kesho kutwa walibaki wachache wanakunja maturubai. Walikuwa na habari ya mahali pengine, upande wa Mbogwe.

Mwasiti alifunga masufuria yake kwenye pikipiki. Alimkabidhi Donatus kikombe alichokuwa akimpa chai.

"Baba, na wewe ondoka. Huku hakuna mtu."

"Nyumba yangu iko hapa."

"Nyumba si watu?"

"Nenda salama, ng'wanone," Donatus alisema. Mwasiti hakuwa Msukuma, lakini kwa miaka yake ya Kahama alijua ameitwa mwanangu. Akainamisha kichwa, pikipiki ikaondoka.

Asubuhi iliyofuata Donatus alitembea rasi yote bila kukutana na mtu. Alikuwa ameshinda, na hakuwa na wa kumwambia. Alipofika mahali palipokuwa na jiko la Mwasiti alikuta mafiga matatu na jivu, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama kweli alitaka waondoke.

Mashimo yalikuwa ishirini na mawili. Akaanza kuyafukia kwa jembe na karai. Kila shimo alilipekua kwanza, akaokota vipande vya mirija na kuviweka kwenye gunia, akaandika daftarini vimetoka wapi. Alikuwa na miaka sitini na sita. Siku nyingine alimaliza nusu ya shimo tu, mgongo ukagoma. Mwaloni walimwona anapita na jembe, wakaendelea kuanika dagaa. Walikuwa wamekasirika, rashi ile ilikuwa imewaletea wateja wa samaki siku nane mfululizo, na ni Mkwe aliyeifukuza. Bartholomeo akikutana naye njiani alisalimia na kupita.

Juliana alipata habari kwa watu wengine, akaja bila kupiga simu. Alimkuta baba yake ndani ya shimo, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Baba, funga begi. Leo hii."

"Shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Funga begi."

Donatus alitoka shimoni, akaketi kwenye ukingo, akamweleza yote: kikombe cha chai, karai, mawe mawili, tanuru linalofika mapajani. Alipofika hapo Juliana aliacha kubishana. Aliuliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Donatus akamwambia. Juliana alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe. Walifukia pamoja siku mbili. Siku ya tatu duka lilimwita. Alimwachia unga, sabuni na simu mpya yenye tochi, akasema, "Sikuelewi, lakini sitakulazimisha tena." Aliondoka na basi la asubuhi, na Donatus akabaki na mashimo tisa.

Kabla hajaondoka, Juliana alikuwa amepiga picha za mirija na ghuba, akamtumia mtu aliyesoma naye aliyekuwa anafanya kazi ya mambo ya kale. Miezi minne ikapita bila lolote. Mwezi wa tisa likaja gari lenye watu watatu. Wakapima, wakapiga picha, wakashangaa daftari. Walisema mahali kama pale palipobaki salama ni pachache. Wiki kadhaa baadaye wakarudi na bango la chuma linalokataza kuchimba, kukata miti na kuvua ghubani, na siku ya kulisimika kukawa na mkutano mdogo. Bartholomeo alikaa mbele kama mkubwa wa ukoo, amevaa koti. Alihutubia vizuri. Alisema ukoo wake umeilinda rasi hiyo tangu enzi za mababu. Hakumtaja mtu. Donatus alisimama nyuma, kwenye kivuli cha gari, na watu walipopiga makofi naye akapiga.

Hotuba zikaisha, soda zikanywewa, magari yakaondoka, watu wa mwaloni wakarudi mwaloni. Donatus alikuwa anakusanya chupa tupu alipogundua kwamba Bartholomeo bado ameketi kwenye kiti chake.

"Shemeji," Bartholomeo alisema. "Siku ile ulipoingia. Uliona nini?"

Donatus alidhani ni mtego. "Nilivunja mwiko wenu. Naomba radhi. Nilipaswa kuja kusema."

"Sijakuuliza hilo. Nimeuliza uliona nini." Bartholomeo alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia. "Baba alimchukua Hosiana. Mimi nilikuwa shuleni kwa mapadri. Alisema atanipeleka likizo, na likizo haijafika akafa. Nikarithi ukoo, na mkubwa wa ukoo hawezi kuuliza. Sijawahi kuingia."

Donatus aliziweka chupa chini, akakaa kwenye majani mbele ya kiti. Akamweleza moja moja, lile duara la udongo mwekundu, mirija yenye midomo ya kioo, chungu kilichofunikwa. Bartholomeo aliuliza ukubwa wa kila kitu, na Donatus akamwonyesha kwa mikono.

"Twende," Donatus alisema mwishoni. "Mimi nitabaki nje."

Bartholomeo alitazama juu kwenye mawe, akatikisa kichwa. "Leo sina nguvu hizo." Akanyanyuka, akajikung'uta koti. "Nitakuja wiki ijayo tutembee."

Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Alikuja mara moja mwezi wa kumi na moja, wakatembea mpaka ghubani bila kupanda juu, na alichoka mapema. Kokoro bado linaingia ghubani mara mojamoja, licha ya bango. Donatus bado analiandika kwenye daftari, tarehe na upande lilikotokea, kisha anaendelea na njia yake kuelekea ncha ya rasi, ambako mwaka huu mnandi wamejenga viota thelathini na vinne.